Nyeusi ya Bi Nurjehan

Bi Nurjehan alinikuta nikilitukana gari. Nilikuwa nimelala chali chini ya usukani, miguu nje, tochi nimeibana kwapani, nikiliambia gari lile maneno ambayo mama yangu angeyasikia angenitafutia fimbo hata leo na mvi zangu. Niliyasema kwa sauti, kwa Kiswahili, kwa sababu huku Downsview, Toronto, ukiongea Kiswahili ni kama umejifungia chumbani. Sema utakalo, hakuna anayegeuka. Siku ile mtu aligeuka.

"Nani huyo anatukana kwa Kiswahili," sauti ya mwanamke ikauliza kutoka mlangoni, "tena Kiswahili kibovu namna hiyo?"

Nikajitoa chini kwa taabu. Alikuwa mama mzee, mfupi, mtandio kichwani na mfuko wa nyanya mkononi, amesimama pale kama mwenye gereji. Nikamwambia habari yako, Mama. Hakujibu. Akaendelea kunielekezea uso mpaka nikakumbuka adabu za Watanzania, nikasema shikamoo. Hapo ndipo akaitikia marahaba, akaingia, akatafuta pa kukaa.

Gereji yenyewe si yangu. Ni ya Shaun, mpaka rangi wa magari, ambaye kutwa huvaa barakoa ya kupulizia rangi na kuongea kwa kutikisa kichwa. Alinikodisha kona ya nyuma, karibu na choo. Ng'ambo ya uzio kuna majengo ya kupanga, na Bi Nurjehan alikuwa akiishi humo, ghorofa ya nne, peke yake tangu mumewe afariki. Kwao ni Tanga. Mwanawe, Alireza, ana nyumba mpya kule Brampton, nje ya jiji, na chumba cha mama kilikwisha kutandikwa kitanda. Alikuwa amemwambia kwamba siku miguu au macho yatakapoanza kumsumbua atamhamisha, na hakutakuwa na mjadala. Bi Nurjehan hakutaka kuhama. Brampton, alisema, huwezi kununua hata nyanya bila kubebwa kwa gari kama mgonjwa.

Mimi ni Mogaka, wa Tabaka, Kisii. Siku za kazi napakia maboksi katika ghala moja hapo jirani, na nyumbani kwangu ni chumba cha chini ya nyumba ya watu. Ghalani kila mtu ana mstari wake na vizibo vyake masikioni. Kulikuwa na wikendi nilizozimaliza bila kumtamkia mtu neno, Jumatatu nikaisikia sauti yangu imekwaruza nikashangaa. Nilikuwa mpweke, sina namna nyingine ya kulisema. Kanisani walinishauri nijiunge na kikundi, lakini mimi ni mtu wa hasira za karibu na vikundi vinanishinda. Kwa hiyo nikanunua gari bovu.

Lilikuwa gari dogo la Kijapani, la zamani, mali ya mwanafunzi mmoja aliyeitwa Rameez aliyekuwa anahama mji. Injini yake ilikuwa imekufa. Nililipenda kwa kijivu chake cha kiungwana, na zaidi kwa sababu usukani ulikuwa kulia kama kwetu. Watu walinionya. Huku madirisha ya kununulia kahawa bila kushuka garini yote yako kushoto, wakasema, na mwenye gari la namna hiyo anahitaji mtu wa kukaa kiti cha kushoto ampokelee kikombe. Niliwajibu kwa ukali kwamba nitampata, kana kwamba nilijua nitampata wapi.

Injini nyingine niliitoa kwenye gari la aina ileile lililogongwa nyuma, ila hilo lilikuwa la usukani wa kushoto. Kuifunga haikuwa kazi, spana ni spana. Kazi ilikuwa nyaya. Kompyuta ya gari ilitakiwa kukaa upande wa pili, na nyaya zote zilizotoka kwenye injini zilikuwa fupi, ikabidi nikate mmoja baada ya mwingine, niunge, nivushe hadi kulia. Na kila waya una rangi yake. Mchoro nilioupata mtandaoni haukujui wala haukuonei huruma, unakwambia tu wa kahawia uende hapa, wa kijani uende pale.

Nami rangi sizioni. Si kwamba naona giza. Naona vizuri tu, ila kijani, kahawia na nyekundu kwangu ni ndugu wa tumbo moja, sijui nani ni nani. Kule Tabaka sisi ni watu wa kuchonga mawe ya sabuni. Mjomba aliniweka upande wa kupaka rangi, nikapaka kundi zima la tembo wekundu nikidhani ni kahawia. Wateja walicheka, mjomba hakucheka. Tangu hapo nikajifunza kunyamaza na kusikiliza wenzangu wanaziitaje rangi. Ningeweza kumwuliza Shaun, lakini kumwambia mpaka rangi kwamba huoni rangi ni kama kumwambia mchungaji kwamba hujui kusali. Nilijaribu hata simu, ile programu ya kutaja rangi, na chini ya taa za gereji kila waya iliuita kahawia.

Kwa hiyo Bi Nurjehan alipokaa kwenye kiti nilichokuwa nimeking'oa garini, akasema nimpe kazi kwa maana hawezi kukaa bure, nikamwambia mikono yangu ina grisi, anisomee rangi.

Akasoma. Akarudi Jumamosi iliyofuata, na iliyofuata tena, na chupa ya chai ya tangawizi na visheti kwenye karatasi. Hakusema nyekundu iliyokoza, alisema damu ya mzee. Mwingine akauita ugoro, mwingine samli. Nikabandika utepe kwenye kila waya na kuandika hivyohivyo alivyosema, mpaka injini ya Kijapani ikajaa maneno ya Tanga. Nilipobishana naye kuhusu neno alinikumbusha kwamba Kiswahili kilizaliwa Unguja, kikakulia Tanganyika, kikafia Kenya. Mimi, alisema, ndiye niliyekwenda kukifukua nikakileta Kanada. Nilikuwa nikimaliza wiki nzima nikitafuta la kumjibu. Siku moja nikampa kibakuli cha jiwe la kwetu nilichosafiri nacho kutoka nyumbani, akakipapasa kwa vidole pande zote, akasema ataweka tende.

Waya mmoja tu ndio uliotushinda. Mchoro ulisema kuna wa zambarau, na Bi Nurjehan akautafuta mpaka akachoka.

"Zambarau naijua," akasema. "Nimekula zambarau Tanga mpaka ulimi ukageuka rangi, nikachapwa. Hapa haupo. Pana mweusi huu, na mweusi huu."

Nikaamua mchoro ni wa gari la mwaka mwingine. Waya mweusi ni wa kurudisha umeme kwenye bodi, kila fundi anajua hilo, kwa hiyo zote mbili nilizifunga kwa bolti moja kwenye bodi. Kwenye kompyuta likabaki tundu moja tupu, kwa kuwa sikuwa na waya wa kulitia.

Ukaingia Muharram, katikati ya joto la Toronto. Bi Nurjehan aliniambia kwamba wao Mashia huvaa nyeusi kwa maombolezo, miezi miwili na ushee, na yeye hakuwahi kuruka hata siku moja tangu akiwa msichana. Alikuja gerejini na gauni lake refu, akijipepea kwa kipande cha boksi. Nilimwonea huruma kwa joto na nikamheshimu. Jambo moja lilimsumbua. Wanawake wenzake msikitini walikuwa wamepoa kwake mwaka huo. Akikaa, wananong'ona. Alidhani ni kwa sababu amekataa kuhamia kwa mwanawe, na watu hawapendi mama anayekaa peke yake kwa hiari.

Gari nalo likagoma. Nikiwasha, starta inazungusha, injini inazunguka weee, haiwaki. Petroli ilikuwa inafika, niliinusa. Plagi nilizitoa nikaziegemeza kwenye chuma, hazikutoa cheche hata moja. Nikabadilisha koili. Nikapima fyuzi. Nikafuata kila muungo kwa mita, na umeme ulikuwepo kila mahali isipokuwa pale nilipouhitaji. Kompyuta haitoi cheche mpaka iambiwe na sensa, kile kifaa cha kuhisi mzunguko, kwamba injini inazunguka, na yangu ilikuwa haiambiwi kitu. Nikabadilisha na sensa. Bi Nurjehan aliketi pembeni akiniambia nisitukane, ni mwezi wa msiba. Kwa kweli sikuwa na haraka sana. Gari lisipowaka, Jumamosi ipo.

Jumamosi moja alikuwa amekwisha kwenda zake. Shaun akapita kuelekea chooni, akavua barakoa, akainama juu ya injini yangu. Akaniuliza kwa nini nimefunga waya wa zambarau pamoja na mweusi. Nikamwuliza zambarau gani. Akaugusa kwa kidole. Nilipomwambia ule ni mweusi, kama macho yangu yalivyouona, akanitazama kuona kama namtania. Ni zambarau, akasema, ya giza lakini zambarau, kama lile gauni la mama yako yule, analolivaa kila wiki. Nikamwambia mama yule huvaa nyeusi. Akacheka, akaingia chooni akafunga mlango.

Kwanza nilikasirika, maana ndiyo njia yangu. Nilidhani Bi Nurjehan amenichezea, kwamba ameujua upofu wangu tangu siku ya kwanza na amekuwa akijifurahisha. Nikakaa kwenye kiti chake nikiwa nimefura. Kisha mambo yakaanza kunijia moja moja. Jinsi alivyokuwa akitia kidole ukingoni mwa kikombe ndipo amimine chai. Jinsi alivyopapasa kibakuli. Jinsi alivyokuwa akisema "Mogaka, ni wewe?" nami nimesimama mbele yake mchana kweupe, mpaka nikohoe. Hasira ikaniisha, na kilichobaki kilikuwa kibaya zaidi.

Nikimwambia, ataondoka. Alireza hakuhitaji sababu nyingine. Nisipomwambia, ataendelea kuja na chai yake, ataendelea kwenda msikitini na zambarau katikati ya weusi wote ule, watu wakinong'ona na hakuna mmoja mwenye ubinadamu wa kumwambia. Na juu ghorofa ya nne kuna jiko. Nilitamani kunyamaza, na wiki nzima pale ghalani nilijenga hoja za kunyamaza. Nyingine zilikuwa nzuri. Lakini kila nikizipanga nilikuwa namwona amekaa na wale wanawake, nami nimekaa pamoja nao.

Nilimwambia Jumamosi kabla hajafungua chupa, kwa maana nilijua akimimina nitashindwa.

"Bi Nurjehan, waya wa zambarau upo."

"Wapi?"

"Ule mweusi wa pili." Nikauonyesha kwa kidole. "Na gauni lako nalo ni zambarau. Macho yako yana kitu, Mama."

Akaiweka chupa chini, akiipapasa sakafu kwanza. Akashika gauni pale gotini, akalivuta hadi karibu na uso, akaligeuza kwenye mwanga wa mlango, huku na huku. Kisha akaliachia.

"Siku ya Ashura nilikaa safu ya mbele," akasema. "Wote nyeusi. Mimi zambarau, kama niko harusini."

Nikaifuta mikono yangu kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja.

"Wale wanawake siwashangai. Lakini wewe, Mogaka. Jumamosi zote hizi umeniona hivi, ukanyamaza?"

Sikuwa nimewahi kulitamka jambo lile mbele ya mtu tangu siku ya tembo. Ilibidi nilitamke pale, au abaki akiamini kwamba hata mimi nilikuwa nikimcheka.

"Sikukuona," nikasema. "Rangi sizioni, Mama. Tangu kuzaliwa. Ndiyo maana nilikuomba unisomee."

Huko mbele kompresa ya Shaun iliunguruma, ikazima. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, nikadhani analia, kumbe anacheka, akacheka mpaka mtandio ukaanguka na mimi nikacheka naye, watu wawili wanaosomeana waya na hakuna anayeona.

"Ni mtoto wa jicho," akasema alipopumua. "Nilijua ameingia, nikamficha. Basi nina watoto wawili. Mmoja yuko Brampton, mmoja yuko jichoni, na wote wawili wanataka kunihamisha."

Hapo ndipo alipolia, kidogo tu, akajifuta kwa ncha ya mtandio. Akatoa simu mkobani akaninyooshea.

"Mpigie Alireza," akasema. "Namba sizioni."

Nikampigia. Mimi mwenyewe, kwa kidole changu hiki. Alireza alijibu kwa Kiingereza, mama akaongea kwa Kiswahili, wakaelewana hivyohivyo. Haikupita hata wiki akaja na gari kubwa la kuhamishia vitu. Nilisaidia kubeba makochi. Alireza alinishukuru vizuri sana, akanipa mkono, na hakujua mimi ni nani.

Jumamosi iliyofuata niliufungua ule waya wa zambarau kwenye bolti, nikaunga, nikauvusha, nikautia katika lile tundu tupu la kompyuta, ili sensa ipate kusema. Nikawasha. Injini ikashika mara moja, tena kwa sauti safi, kama iliyokuwa inangoja kuulizwa tu. Shaun akainua dole gumba na kurudi kwenye rangi zake. Nilikaa pale nikiisikiliza injini, nikijua kwamba nasubiri mtu aniambie kitu kibaya kuhusu Kiswahili changu. Kiti nilikuwa nimekirudisha mahali pake, upande wa kushoto. Nikaizima injini nikaenda nyumbani.

Baada ya hapo sikuwa na sababu ya kwenda gerejini, na hilo sikuwa nimelifikiria. Nilikuwa nikiendesha gari kwenda kazini na kurudi. Sikupita kwenye dirisha la kahawa hata mara moja.

Majani yalikuwa yameanza kuanguka aliponipigia. Wamemtoa yule mtoto, akasema, macho yote mawili, na sasa anaona hata vumbi la Alireza chini ya makabati. Nije nimwone. Alilisisitiza hilo, nimwone, akacheka.

Brampton nyumba zote zinafanana, nikapita yake mara mbili. Alikuwa amesimama barazani amevaa koti. Nikashuka, nikasema shikamoo kabla hajafungua mdomo, lakini hakuitikia. Alikuwa analitazama gari. Akashuka ngazi bila kushika ukuta, akalizunguka lote taratibu, akarudi mbele yangu.

"Mogaka," akasema kwa upole, na upole wake ukanitia hofu. "Aliyekuuzia gari hili alikwambia ni rangi gani?"

Nikamwambia hakuniambia kitu. Ni kijivu, nikasema, nimeliona mwenyewe.

"Mwanangu, hili gari ni la waridi."

Nikamwambia aache utani.

"Waridi tupu. Rangi ya kile kibakuli chako. Nilipotolewa bandeji nilikiona nikasema, kumbe jiwe lao ni zuri hivi."

Jiwe lile nilizaliwa juu yake. Kwetu kuna machimbo ya jiwe jeupe na machimbo ya jiwe wanaloliita waridi, na siku zote mimi nililiona kijivu nikakubali jina. Nikaweka mkono kwenye boneti. Nilifikiria njia zote nilizopita nalo, ghalani, kanisani, kwenye taa za barabarani, mwanamume mzima na uso wangu huu wa kununa. Nilimfikiria Shaun, ambaye rangi ndiyo riziki yake, aliyekaa na gari hilo miezi yote na hakusema. Huenda alidhani ndiyo sababu nililinunua. Nimekaa mji huu miaka, na hakuna mtu aliyewahi kuniambia rangi ya gari langu. Iliniuma kuliko nilivyotarajia, na Bi Nurjehan akaliona hilo, kwa kuwa sasa anaona.

"Sasa tuko sawa," akasema. "Nifungulie mlango."

Alikaa kiti cha kushoto. Tukaenda kwenye dirisha la kahawa, akateremsha kioo, akapokea vikombe viwili na kumshukuru binti kwa Kiingereza chake cha Tanga. Tukanywa tumeegesha, na njia nzima akanisomea mji. Mti ule damu ya mzee. Ule manjano. Nyumba ile samli, na mlango wake mbaya. Nilitamani barabara iwe ndefu, lakini wajukuu walikuwa wanarudi shuleni na lazima awepo. Nikamrudisha. Alisema nije tena, nami nikasema nitakuja, na wote wawili tunajua Brampton ni mbali na zamu za ghalani hazina huruma.

Asubuhi yake, kabla ya kazi, nilipita kwenye dirisha la kahawa la huku kwetu. Ilibidi nilifikishe gari karibu sana na ukuta, nifungue mkanda, niegemee upande wa pili. Binti wa dirishani alichungulia, akatabasamu, akaniambia kwamba hajawahi kuona gari la waridi lililopendeza hivyo.

"Najua," nikamwambia. "Kuna mtu aliniambia."

Kisha nikanyoosha mkono juu ya kiti kitupu, nikachukua kahawa yangu.